Tukae Kwanza

Mimi Evaline subira sina, na sioni aibu kusema. Uji naunywa ukiwa bado unatokota, na ulimi ukiungua namlaumu aliyepika. Ndiyo maana Mama Marieta, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa vitunguu saumu hapa Bashay, alinikera miaka mingi.

Mtu akikosea, yeye anageuza ndoo, anaikalia, anasema, "Tukae kwanza." Basi! Hagombi. Tunamwaga gunia la mkosaji juu ya turubai, tunachambua wote pamoja naye, tunapiga soga za watoto na ng'ombe, mpaka mwenyewe anaona alipokosea.

Zita, jirani yangu, alitukalisha mara tatu. Leo vitunguu vina udongo, kesho kachanganya vidogo na vikubwa. Mara ya tatu nikasimama. "Jamani, tunalea mtu mzima? Afukuzwe!"

Mama Marieta akanitazama. "Evaline mwanangu, ndoo yako iko wapi?"

Nikakaa, nimenuna mpaka gunia likaisha. Na kweli, Zita hakurudia tena. Ikawa ananitangulia hata kufika!

Mwezi uliopita mnunuzi wa Arusha akatuma ujumbe: anafika Jumatano saa sita mchana, na akikuta gunia moja lina vibichi, anageuza lori tupu. Mama Marieta hayupo, yuko Mbulu hospitali, mkwewe kajifungua. Vitunguu vyangu vilihitaji siku mbili zaidi za jua. Nikavibinya. Aa, vitakaukia njiani, nikajiambia, nikafungasha.

Jumatano asubuhi Zita akapita akipapasa magunia. Akafika kwangu, akasimama. "Hili lina unyevu."

Akina mama wote wakanigeukia. Ee Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze! Nani pale alikuwa amesahau ni mdomo wa nani uliosema afukuzwe? Kikundi kile ndicho kilichonishika mkono nilipofiwa na mume, na sasa nilikuwa nakipoteza kwa haraka zangu. Nikaokota kitenge changu niondoke kabla sijaambiwa.

Zita akageuza ndoo, akakaa. Akageuza ya pili, akaisukuma miguuni kwangu.

"Dada Evaline, tukae kwanza."

Ndoo zikagongana, kila mmoja akavuta yake. Tukamwaga, tukachambua, vibichi tukavirudisha juani. Mmoja akanitania kwamba ningeweza hata kuoka mkate kabla ya kukanda unga. Nilicheka huku nalia. Saa sita lori likapakia, likaenda.

Mama Marieta aliporudi nilimweleza yote mwenyewe. Hakuuliza habari za lori wala za mnunuzi.

"Nani aligeuza ndoo ya kwanza?"

"Zita," nikasema.

Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, halafu akaniuliza kama nimekula.