Viatu vya Tusekile

Mwanangu, jana nilipokuona ukimchagulia mwanao viatu kwa macho tu, naye bado amelala mgongoni mwako, nilikumbuka siku moja ya furaha kubwa ambayo nusura iharibike. Kaa nikusimulie, viazi bado havijaiva.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa kuchota maji na kulea wadogo. Tulikaa Ilomba, nje kidogo ya mji, siku hizo ikiwa bado mashamba matupu. Shangazi yangu Sekela alikuwa anaolewa, na mdogo wangu Tusekile, mtoto wa miaka mitano, akachaguliwa kumtangulia kanisani na maua. Hakuwahi kuvaa viatu. Baba alimpima mguu kwa unyasi akiwa usingizini, akaenda mjini, akarudi na viatu vyeupe, vyembamba mbele, vinavyong'aa. Sote tulivishangilia.

Kila jioni tulifanya mazoezi ya kutembea uani. Mwanzoni Tusekile alitembea akicheka. Baadaye akaanza kuchechemea, na ilipobaki siku moja tu, akasema hataki tena kubeba maua.

Mama alidhani ni kudeka. "Basi tutamchukua mtoto wa jirani," akasema.

Tusekile aliinamia viatu vyake. Machozi yalimtoka kimya kimya, nami roho ikaniuma, maana nilijua alivyokuwa akiyaota hayo maua.

Shangazi Sekela, bibi harusi mwenyewe, akaketi chini kwenye jamvi, akampakata na kumvua viatu. Vidole vilikuwa vyekundu, vimepandana.

"Mbona hukusema, mama?"

"Mngeninyang'anya maua."

Shangazi akamgeukia baba. "Kaka, mimi nataka mtoto anayecheka mbele yangu. Viatu hata vikiwa na rangi ya udongo, sawa tu."

Baba hakukasirika. Alitoa baiskeli, Tusekile akakaa mbele, mimi nyuma, tukashika njia ya mjini. Mwenye duka alimsimamisha mtoto wima kwa miguu yote miwili, akatueleza kwamba mguu ukibeba mwili hurefuka na kutanuka. Akamvisha viatu vya kahawia, vipana mbele, vyenye mkanda wa kufunga. Baba akabonyeza mbele ya kidole gumba, akakuta nafasi ya kutosha kidole chake mwenyewe. Kisigino nacho kilikaa, hakichomoki.

"Haya, kimbia," mwenye duka akamwambia.

Tusekile akakimbia mpaka barazani, akarudi, akakimbia tena, kisha akaanza kucheza ngoma peke yake katikati ya duka. Wateja wakampigia makofi. Baba alicheka mpaka akashika meza.

Kesho yake Tusekile alimtangulia bibi harusi kifua mbele. Kwaya ilipoanza kuimba nje ya kanisa, hakuna aliyeweza kumzuia kucheza. Shangazi, ambaye viatu vyake vya harusi vilikuwa vikimbana tangu asubuhi, akavivua, akavishika mkononi, akacheza naye pekupeku kwenye nyasi. Mama mkwe wake akamtazama, akavua vyake pia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kununua, nenda na mtoto, tena jioni, miguu ikiwa imeshacheza kutwa. Msimamishe. Vidole vipate nafasi ya kujinyoosha, kisigino kishikwe, na soli ikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati. Usinunue kikubwa mno kwa kusema atakikulia, atajikwaa nacho. Akiwa uani penye usalama, mwache akanyage udongo. Na akichechemea usimwite mdekaji, mvue kwanza utazame, kwa sababu mtoto huficha maumivu akiogopa kunyimwa anachokipenda.

Mungu ailinde miguu ya wanao, aifikishe kwenye harusi nyingi, na akujalie nyumba ambayo haikosi vishindo vya watoto wakikimbizana.