Siku Bomba Letu Lilipopimwa

Nilipoolewa mjini Moshi nilihamia nyumbani kwa mama mkwe wangu, na miaka ya mwanzo mimi na mume wangu tulikuwa na chumba kimoja tu. Kati ya kitanda chetu na chake palikuwa na ukuta wa udongo usiofika kwenye paa. Mume wangu akikohoa, mama yake alimuuliza kutoka upande wa pili kama amekunywa tangawizi. Nilimpenda yule mama, sisemi uongo, lakini nilitaka nyumba yangu kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba shamba la mahindi ng'ambo ya mtaro huenda likageuzwa viwanja vya nyumba, nilikosa hata hamu ya kula kwa furaha. Mume wangu, aliyekuwa fundi cherehani, alipeleka jina lake siku ileile. Ila wakubwa wa mji waliweka sharti. Kwanza Bwana Afya apite kuangalia kama bomba la maji, zahanati na shule ya mtaa wetu vitaweza kuwahudumia watu watakaoongezeka. Vikitosha, viwanja vitakatwa. Visipotosha, mahindi yataendelea kuwa mahindi.

Mama mkwe hakutaka kabisa habari ya viwanja. "Watu wote hao watateka wapi?" aliuliza. "Bomba ni hilihili moja." Akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake kwamba siku ya ukaguzi kila mmoja alete madebe yake yote, yapangwe foleni mpaka barabarani, na mtu asithubutu kufungua bomba kabla Bwana Afya hajafika, ili foleni isipungue. Walimtii, maana karibu wote alikuwa amewazalisha yeye. Jirani yetu mmoja, mama wa Kichagga kutoka Mwika aliyeuza ndizi sokoni, alitucheka. "Kwetu mtu ana kihamba chake, shamba la ukoo, migomba mpaka mlangoni, na nyumba anajenga anapotaka," alisema. "Nyie wa mjini mna kazi." Lakini debe lake naye alileta.

Na mimi je? Nilikabidhiwa madebe ya nyumbani nikayapange, nikayapanga. Ningefanya nini, na mama mkwe amesimama nyuma yangu? Nilikwenda kuiua nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, mdomo umenivimba kwa kununa.

Foleni yetu ilikuwa ya madebe, si ya watu. Ndivyo tulivyozoea: debe linakushikia zamu, wewe unaendelea na mambo yako. Asubuhi ile tulipomaliza kuyapanga tulikwenda kukaa barazani kwa mama mkwe, tukawa tunamenya ndizi na kuwasengenya waume zetu.

Bwana Afya alifika na baiskeli yake, kaptula imenyooka kwa pasi. Mtaani alijulikana kwa jambo moja, kwamba alikuwa adui wa mbu. Akikuta kopo au debe limeachwa nje lina maji kidogo ndani, mwenyewe anapigwa faini, na maelezo hasikilizi. Basi alishuka akatazama bomba, limefungwa, halina mtu. Akatazama ule mstari wa madebe. Akainama kuchungulia moja, akaona maji yamebaki chini. Akatugeukia.

"Haya madebe ya nani?"

Hakuna aliyefikiri. Swali hilo kila mmoja wetu alikuwa ameshaulizwa uani kwake, na jibu lilikuwa limeshazoea njia.

"Hatuyajui, bwana," tukasema wote.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe. "Hata wewe huyajui?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka nimeyakuta hapo."

Akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu, ya baridi, akayatazama, kisha akatutazama sisi. Tukaendelea kumenya ndizi. Akamuuliza mama mkwe kama maji yanatutosha. Nilimwona akitafuta pa kutokea asipaone. Akisema hayatoshi, ataulizwa mbona bomba limekaa bure, na hapo madebe yatapata wenyewe.

"Yanatosha," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Tunamshukuru Mungu."

Nilijiziba mdomo kwa pindo la khanga. Mama wa Mwika alikuwa ameinamia ndizi zake, mabega yanamtikisika.

Kutoka hapo Bwana Afya alikwenda zahanati, akakuta benchi la wagonjwa tupu, kwa sababu wagonjwa walikuwa barazani kwetu. Shule nayo ilionekana ina nafasi tele, kwani watoto walibaki nyumbani kulea wadogo zao. Mtaa wetu ukapasi kila kitu.

Tulipata kiwanja, tukajenga kwa miti na udongo, bati juu, vyumba vitatu. Kimoja cha kulala, kimoja cha cherehani, na cha tatu, chenye dirisha linaloelekea mlimani, nilikiweka cha wageni nikakishonea pazia. Muda wote wa ujenzi mama mkwe hakukanyaga pale. Nilijua amekasirika. Nilimsikitikia, ingawa si kiasi cha kuacha kushona pazia.

Siku ya kuhama tulikodi mkokoteni. Tulipofika tulimkuta ametutangulia, amekaa mlangoni juu ya sanduku lake, kitanda chake cha kamba kimeegemezwa ukutani. Mume wangu akaduwaa.

"Ile nyumba nimeipangisha yote," alisema mama yake. "Nikae mle peke yangu nifanye nini?" Akakuna goti. "Mlidhani nahangaikia maji?"

Nilikasirika, nikacheka, na machozi yakanijia, vyote kwa pamoja. Mume wangu aligeuka kufungua kamba za mkokoteni, akaniachia mimi jibu.

"Chumba changu kipi?" mama mkwe akaniuliza.

Nikashika kitanda upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukakiingiza kwenye chumba chenye pazia.