Bani la Jirani na Alfajiri ya Pasaka

Mimi ukinigongea mlango nikiwa kwenye sala, sifungui. Kijiji kizima huku njia ya Ipole wanalijua hilo. Wanaambiana, "Huyo bado yuko na Bwana wake, ngoja," na wanakaa nje kwenye gogo mpaka niseme amina. Wakinisema waniseme. Nimelima na nimelea watoto peke yangu tangu mwenzangu afariki, na sala ya alfajiri ndiyo iliyonisimamisha. Mtu asinichezee hapo.

Lakini ipo hodi moja ambayo hadi leo namshukuru Mungu kwamba niliifungulia, ingawa niliifungulia kwa hasira.

Ilikuwa Alhamisi Kuu, jua halijachomoza. Nimepiga magoti, nasikia jirani yangu anapiga hodi. Nikanyamaza. Akapiga tena, nikaendelea na zaburi yangu. Halafu hodi ikakoma, nikasikia mtu analia. Ebo! Kilio hakingoji amina. Nikainuka.

Nilimkuta kichwa wazi, viatu mkononi. Nyuma yake bodaboda inanguruma, na mumewe amejikunja juu ya kiti kama mtu aliyepigwa.

"Dada, shikamoo. Tumbo, tangu jana. Zahanati wamesema nimkimbize Sikonge, huenda wakampasua."

"Marahaba. Sasa nenda, unangoja nini?"

Akageuka tu akaangalia bani lao, na moshi wake.

Asiyelima tumbaku lazima nimweleze. Bani ni kijumba kirefu cha matofali ya udongo. Majani mabichi yanafungwa kwenye fito na kuning'inizwa humo ndani, na chini kuna tanuru linalosukuma joto kwenye mabomba. Ukishawasha umeingia kifungoni. Karibu juma zima, mchana na usiku, moto ule unaulea: ukipoa, jani linageuka jeusi, na jani jeusi hakuna mnunuzi. Ukizidi, fito inadondoka juu ya bomba na bani lote linakwenda na moto. Bani la jirani lilikuwa ndiyo kwanza majani yameiva njano. Mvua ya mawe ilishawapigia shamba la pili, kwa hiyo jasho lao la mwaka mzima lilikuwa limening'inia mle ndani. Watoto wao wadogo walikuwa kwa bibi yao Itetemia. Na mtu wa kumwachia moto hakuwapo, ila mimi. Nimekausha tumbaku tangu usichana wangu, na kwenye moto sijaona wa kunishinda hapa kijijini. Hilo nalisema bila haya.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Jumapili, dada. Au Jumatatu."

Jumapili! Yesu wangu.

Sisi Wamoravian Pasaka yetu inaanzia makaburini. Jumamosi tunang'oa majani na kusawazisha udongo, na Jumapili, giza bado lipo, tunakusanyika kati ya wafu wetu. Matarumbeta yanapigwa, kisha mwinjilisti anasoma majina ya wote tuliowazika tangu Pasaka iliyopita. Jina likisomwa, watu wa marehemu wanasimama kaburini kwake. Halafu tunangoja jua pamoja.

Mwaka ule mama yangu ndiye wa kusomwa. Alifia mikononi mwangu, mvua za kwanza zikinyesha. Kaka zangu mmoja yuko Mpanda na mwingine Dar es Salaam, na wote walishasema hawataweza kuja, na wanangu walishahamia mbali. Nisiposimama mimi, mama hasimamiwi na mtu. Nilikuwa nimeshona gauni jeupe. Nilikuwa nimepanga kufunga na kukaa kimya Juma lote la Mateso, jioni kanisani, nikirudi ni mimi na Biblia yangu, niifikie ile alfajiri nikiwa na moyo uliooshwa. Kitu hicho kimoja tu ndicho nilichokitaka mwaka mzima.

Nikakasirika, tena sana. Sikumkasirikia yeye maskini, nilimkasirikia Mungu: siku zote hizo za mwaka, umeiona hii? Lakini huyu mwanamke, Mkatoliki wa watu, ndiye aliyekuwa akija kumgeuza mama kitandani mgongo ulipoanza kuchubuka, mimi nikiwa shambani. Ningemwambia nini? Kwamba nasali?

"Panda," nikamwambia. "Moto niachie mimi. Na ole wako urudi bila huyo mwanaume."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Wakapanda mshikaki, wawili nyuma ya dereva, wakaondoka.

Nikahamia kwenye bani na kigoda, Biblia na sufuria ya uji. Kufunga kwenyewe kulikufa siku ileile, maana kubeba magogo na njaa haviendi pamoja. Nikasema angalau sala yangu siiachi. Thubutu! Ukifumba macho unahisi kuni zimekaa vibaya, ukifumbua unakuta kweli zimekaa vibaya. Naanza Baba Yetu, nikifika kwenye riziki nimeshainuka kusukuma gogo, nikirudi sikumbuki nilikoishia, naanza upya. Ijumaa Kuu niliisoma bustani ya Gethsemane vipande vipande, aya na gogo, aya na gogo. Nilipofika pale wanafunzi wanaposinzia na Bwana yuko peke yake, nikasema kwa sauti, "Bwana, mimi sijalala. Ila nakesha na tumbaku." Nikacheka peke yangu kama mwehu. Sijui kwa nini, lakini tangu nianze kusali sijawahi kumwona Mungu karibu namna ile. Nilikuwa mchafu, nanuka moshi, sala zangu fupi kama za mtoto, na alikuwa hapo hapo. Nashukuru mpaka leo. Nisingemjua hivyo ndani ya chumba changu na mlango umefungwa.

Jioni akapita mzee wetu wa kanisa, mtu wa utani sana. "Mama, umehama dhehebu? Naona sasa unaabudu moto."

"Leta kuni kwanza, ndipo useme."

Akaleta. Nikaona hapo hapo nimuombe: Jumapili alfajiri asinishikie moto kidogo tu? Akakuna kichwa. "Tarumbeta nimwachie nani? Na siku hiyo unakausha ule mshipa wa jani, moto mkali. Nikiwachomea watu bani, nitakwenda wapi?" Alisema kweli. Mabani mengi yanaungua siku hiyo hiyo, na mtu huwa amesema nakwenda mara moja nakuja. Sikumuuliza mwingine. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumamosi jirani akapiga simu. Mumewe amepasuliwa, ni kidole tumbo, kilikuwa kimeshapasuka. Hajazinduka vizuri. Nikataka kumuuliza zaidi, simu yake ikaisha chaji. Nikatia gogo, nikamwombea yule bwana kwa maneno ambayo hata sikuyapanga.

Jumapili matarumbeta yalinikuta mbele ya tanuru na koleo mkononi. Kwa mbali, ng'ambo ya mashamba. Yalipiga, yakanyamaza, nami nikajua sasa majina yanasomwa. Nikasimama wima. Nikalitaja jina la mama mimi mwenyewe, nikamwambia, "Mama, nisamehe, niko kwenye moto wa watu." Nikalia. Sikulia kwa imani wala kwa furaha ya ufufuko, nililia kwa uchungu wa mtoto aliyeshindwa kufika kwa mama yake.

Jua lilikuwa limeshatoka bodaboda iliposimama. Jirani akashuka, akanisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, dada," sauti imemkauka.

"Mwangaluka. Mgonjwa?"

"Ameamka. Kaomba ugali, wamemkatalia, amenuna. Nimemwacha na shemeji."

"Akinuna amepona. Mungu apewe sifa!"

Akafungua kidirisha cha bani akachungulia. Majani yalikuwa yamekauka yakawa rangi ya dhahabu, juu mpaka chini, hata moja halijageuka jeusi. Akaweka paji la uso wake ukutani, akakaa hivyo. Nami nikafurahi, kweli nikafurahi, mpaka nilipoona kitenge chake kimelowa umande na miguu imejaa udongo mwekundu.

"Umepita wapi wewe?"

"Makaburini kwenu."

"Makaburini!" Nikalipuka. "Na mimi niko hapa! Si ungekuja moja kwa moja unipokee nikimbie?"

"Dada, nilipofika barabarani nikasikia wameshaanza kusoma. Nisingekuwahi. Nikasema basi, nishuke nimsimamie bibi, mama yako."

Nikageuka nikasawazisha makaa kwa koleo.

"Nikasimama pale pale kwake," akasema. "Wakasoma, wakasoma, mwinjilisti akafunga daftari. Bibi hakutajwa."

Nikakaa kwenye kigoda. Mama alikuwa mshirika wa Nzega, kwetu alikuja kuugua tu, kwa hiyo daftari letu halikuwa na jina lake. Mwinjilisti nilimwambia kwa mdomo amwandike, tena njiani. Kumbe alisahau. Na pale makaburini ni mimi peke yangu ambaye ningejua kwamba amerukwa.

"Matarumbeta yameshapanda mdomoni," akaendelea. "Nikasema, bado mmoja. Jamani, watu wote wakageuka! Na mimi nilivyo hivi, na rozari shingoni. Mwinjilisti akaniuliza, nani? Nikamtaja bibi, jina lake lote, mpaka la baba yake."

"Akasemaje?"

Akanipokea koleo mkononi, akasukuma gogo ndani.

"Akafungua daftari tena," akasema. "Akamwandika. Akamsoma."