Mrembo Si Cheo

Mafundi wake walimwita Shangazi, wateja wakamwita Mwenye Mapazia, naye aliitikia yote kwa moyo mweupe, maana waliomwita hivyo walikuwa wamemzoea. Karakana yake ya kushonea mapazia aliianzia sebuleni kwa cherehani ya kuazima, wanawe wakilala juu ya marobota ya vitambaa. Sasa hoteli mpya ilikuwa imemwita aonyeshe kazi yake.

Alikwenda na mdogo wake wa kiume, dereva wa karakana, aliyembebea sampuli. Meneja wa ununuzi, kijana nadhifu wa tai nyembamba, akampita dada mtu kama anayepita nguzo, akampa dereva mikono miwili.

"Karibu sana, Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi ni huyu dada yangu."

Meneja akacheka. "Kumbe mrembo ndiye bosi! Haya mrembo, kaa hapa karibu yangu."

Damu ikamchemka Mwenye Mapazia. Hata salamu hajapewa!

"Ndiyo kwanza tunaonana," akasema. "Kama hujui jina langu, uliza."

"Jamani mamaa, ukali wa nini? Nakusifu tu."

Mezani walikuwapo wenzake meneja wawili wa kiume. Hao meneja aliwaita Mhandisi na Mhasibu, wala maneno hayakumkwama kooni. Kumbe heshima anayo, ila anaichagulia watu!

Mwenye Mapazia akakunja vitambaa vyake kimoja kimoja, akaaga, akatoka.

Garini mdogo wake akanung'unika, "Dada, ungemezea tu. Kazi kubwa ile."

"Nimezee nini? Leo mrembo, kesho atanishika bega, keshokutwa atanipangia bei huku akinikonyeza!"



Kesho yake meneja akampigia simu dereva. "Kaka, mwambie yule mamaa wako aache deko, aje tuongee."

Dereva akaegesha gari kando. Yeye aliyehubiri kumezea, sasa akapaza sauti.

"Ana jina, bwana. Liko kwenye kadi niliyokupa mwenyewe, na namba yake ipo. Huna adabu!" Akakata simu.

Mapazia ya hoteli yakashonwa na wengine. Mwenye Mapazia alirudi kwenye meza yake ya kukatia, mkasi ukilia kwa hasira juu ya kitambaa.

"Shangazi, unajuta?" fundi mmoja akathubutu kumuuliza.

"Najuta sana," akajibu bila kuinua macho. "Nilipokuwa natoka, nilimwambia asante."