Mkojo wa Ng'ombe Kwenye Ngozi ya Mtoto

Wajukuu zangu huniuliza, bibi, utajuaje kwamba mtoto yuko tayari kuachishwa kujikojolea? Huwa nawajibu kwamba sikumbuki, mambo ya zamani hayo. Nakumbuka vizuri sana. Nilijua dalili zake mapema kuliko mama yeyote pale Nyamongo, na nilizitumia kumtesa mwanangu.

Mimi niliolewa na mwanamke. Kwetu Wakurya jambo hilo lina jina lake, nyumba ntobu, na halimshangazi mtu. Mama mzee mwenye ng'ombe lakini asiyejaliwa mtoto wa kiume analipa mahari, anamleta msichana, anamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa mzee. Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo inaanza. Ng'ombe walipofika nyumbani kwetu Turwa, baba aliwakagua mmoja mmoja, meno na kwato. Mimi nilipoondoka hakuinuka hata kunisindikiza.

Nilipojifungua mtoto wa kiume, mzee aliyenioa alikuja akasimama mlangoni kwangu. Nilimwita mama. Yeye aliniita wewe.

"Huyu akiacha kukojoa kitandani atahamia kwangu," alisema. "Atakula kwangu, atalala kwangu, na mama yake nitakuwa mimi. Wewe nyonyesha."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga siku ya kupanda. Nami nilikuwa binti wa watu, sina mtu wa kumlilia, nikaitikia ndiyo mama. Lakini moyoni niliapa kwamba mtoto huyo hatalala kwingine.

Alikuwa anakaribia miaka miwili na nusu dalili zilipoanza. Kwanza kilikuwa kimya. Yupo uwanjani anafukuza kuku kwa makelele, ghafla ananyamaza, macho yanamtoka, anajiendea zake nyuma ya ghala la ulezi. Hakuna aliyemtuma. Kisha akaanza kuchukia kulowa. Akijikojolea anatembea ametanua miguu na kuniletea jani nimfute. Mwisho, asubuhi moja, akaja analiburuta lile jembe bovu tulilozolea uchafu wa watoto, akalibwaga miguuni pangu, akanishika kidole na kunipeleka kunionyesha alichokifanya. Alikuwa anang'aa uso mzima. Mama mwingine angepiga kigelegele. Mimi nilifukia haraka haraka, nikageuka kuangalia kama mzee ameona.

Mzee hakuhangaika na mambo ya mchana. Kipimo chake kilikuwa ngozi ya ng'ombe tuliyoilalia. Kila asubuhi, kabla mifugo haijatolewa zizini, aliingia kwangu bila hodi, akainama, akapitisha kiganja pale mtoto alipolala. Asubuhi nne kavu mfululizo zingetosha.

Ya kwanza ikawa kavu. Ya pili kavu. Mzee akaguna tu, akatoka. Ya tatu niliamka kabla yake.

Niliona kwamba maji yasingefaa, maana mzee alikuwa na pua. Lakini kila nyumba ya wafugaji siku zile ilikuwa na kibuyu cha mkojo wa ng'ombe, tuliokinga zizini kwa ajili ya kusuuzia vibuyu vya maziwa. Nilichukua huo. Nikaumimina kidogo kidogo chini ya makalio ya mwanangu, naye akiwa usingizini, nikarudi kulala kando yake. Nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Mzee akapapasa, akanusa kiganja chake, akaniangalia. "Bado," akasema. Halafu akamwamsha mtoto, akimwita kijana kwa Kikurya. "Mura, beba ngozi yako."

Katika boma lile kikojozi alibeba ngozi yake kichwani na kuzunguka nayo zizi zima, watoto wa majirani wakimfuata kwa makofi na matusi. Ngozi ilikuwa kubwa kuliko yeye. Ilimfunika uso, akawa anajikwaa kwenye mavi ya ng'ombe, wenzake wanaanguka kwa kicheko. Siku ya kwanza na yeye alicheka, akidhani wanacheza. Siku ya pili aligoma. Akasema, "Mimi sikojoi." Nikamnasa kofi mbele ya mzee, ili uongo wangu usimame vizuri. Baada ya hapo akawa anabeba bila kuambiwa.

Hivyo tukaenda toka palizi mpaka mavuno. Sikumimina kila siku, niliruhusu kavu mbili, mara chache tatu, kisha nikamimina. Mtoto alianza kuamka alfajiri na kujipapasa mwenyewe. Akikuta pakavu ananitazama kwa matumaini, na mimi nilingoja alale tena. Watu wakisimulia maisha yao hupenda kusema kwamba roho iliwauma. Yangu haikuniuma sana. Nilikuwa na mwanangu ubavuni, ananuka zizi, na nilifurahi.

Asubuhi moja baada ya mavuno mzee aliingia, lakini hakuinama. Alisimama tu na mkongojo wake.

"Leo umekinga kwa ng'ombe yupi?" akaniuliza.

Nilijisogeza nikakalia pale palipolowa.

"Mimi nimezaliwa zizini, nimezeekea zizini. Ulidhani sitaujua mkojo wa ng'ombe? Niliujua siku ile ile ya kwanza."

"Sasa mama, mbona ulimbebesha mtoto ngozi?"

"Nilitaka nione utamwangalia hivyo siku ngapi," akasema. "Nilidhani utaacha ya tatu."

Akamnyooshea mtoto mkono. Mwanangu alikuwa macho, ameketi, amesikia kila neno. Alinyanyuka, akaushika ule mkono, wakatoka. Mimi nilibaki na ngozi yangu inayonuka, na hasira yangu yote nikamwekea yule mzee, kana kwamba kibuyu alikishika yeye.

Miezi ikapita. Mtoto alikuwa akipita uwanjani ananisalimu shikamoo kama anavyomsalimu mgeni. Nikaishi hivyo. Mpaka siku nilipokwenda kutafuta kuku aliyekuwa akitagia porini, nikapita nyuma ya nyumba ya mzee, upande wa ua wa minyaa ambako mtu haaniki kitu, nikaikuta ngozi imetandazwa juani. Nikaiinamia na kuinusa. Huo haukuwa wa ng'ombe. Mwanangu, aliyekuwa mkavu kwangu, sasa alikuwa akikojoa kweli.

Furaha niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Sikwenda kumwambia mzee pembeni. Nilingoja siku ambayo wanawake wa jirani walikuja kutusaidia kupura ulezi, uwanja ukajaa, ndipo nikaileta ngozi ikiwa bado imelowa, nikaitupa katikati yao.

"Mama, sheria uliiweka wewe," nikasema. "Mtoto anakojoa. Nirudishie mwanangu."

Wanawake wakaacha kupura. Mzee alimwita mtoto, akamwuliza taratibu, "Mura, nani amelowesha hii?"

Mtoto aliitazama ngozi, kisha akanitazama mimi.

"Ni huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Amemwaga mkojo wa ng'ombe."

Mzee akaiinua ngozi mpaka puani. Aliinusa kwa muda mrefu, amefumba macho, bibi yule aliyeweza kukwambia kwa harufu ng'ombe yupi amekojoa wapi. Kisha akaishusha.

"Wa ng'ombe," akawaambia wanawake.

Niliapa. Niliapa kwa kaburi la mama yangu kwamba mkojo ule ni wa mtoto, kwamba mtoto yule ni kikojozi, waje wanuse wenyewe, na niliyasema hayo yeye akiwa amesimama mbele yangu anasikia. Hakuna aliyeinama kunusa. Mmoja alitema mate pembeni, wakarudi kwenye ulezi wao.

Aliendelea kukojoa kwa miaka minne. Kila asubuhi mzee aliitoa ile ngozi mwenyewe na kuianika kule nyuma ya ua, na kila asubuhi mimi nilimsikia mtoto akimwita mama.