Bambo la Kwapani

Mbwa aliyeniuma kule Mlali alikuwa anatoka mate na kuyumba kama mlevi. Nilichomwa sindano ya kwanza siku ileile. Siku ya kurudi kwa sindano ya pili niliamka na mtoki kwapani, mgumu kama njugumawe. Nikasema siendi. Sumu yao nimeshaiona.

"Basi baki," mke wangu akasema. "Ukianza kubweka nitakufunga kwenye nguzo."

Akajitanda kanga, akatangulia. Nikamfuata nimenuna.

Muuguzi, binti wa Kirangi kutoka Kondoa, aliniamkia, akanipapasa kwapa, akacheka. "Babu, hapa ndipo kazi inapofanyika."

"Kazi gani? Shule niliiacha darasa la pili, lakini nimeuza mahindi tangu hujazaliwa. Usinizungushe."

Akasema ndani ya sindano mna kirusi cha kichaa cha mbwa, kimekwisha kuuawa. Pale kinapoingia kuna seli za ulinzi zenye mikono mirefu kama mizizi. Zinakivuta, zinakimeza, zinakikatakata. Kisha zinabandika vipande kwa nje, mwilini mwao wenyewe, na kuvipeleka kwenye tezi ya kwapani.

"Kwa hiyo zinakimbia vita?"

"Zinapeleka sampuli, babu. Wapiganaji wako huko."

Nilisimama, shati likiwa nusu mwilini. "Bambo!" nikapiga kelele, mpaka waliokuwa kwenye benchi wakachungulia.

Maisha yangu yote nimeyajenga kwa bambo, kile chuma chenye mfereji. Unalichoma gunia, punje zinateremka kiganjani, unazipeleka kwa wanunuzi bila kubeba gunia zima. Kiganja wazi, kila mtu aone. Wengi watapita. Atatokea mmoja anayetaka mahindi yaleyale, na huyo ataita wenzake mpaka lori lijae.

"Hivyohivyo!" muuguzi akasema. "Wapiganaji wengi hawakitambui kile kipande. Anayekitambua anajizidisha, wanakuwa jeshi. Ndiyo maana tezi imevimba."

"Kumbe si sumu. Ni mnada!"

"Mnada, babu. Lakini sampuli moja haitoshi, na kichaa kikishapanda kichwani hakuna dawa."

"Umesikia, dalali?" mke wangu akasema.

Nikatoa bega. "Choma, mwanangu. Wanunuzi wamefika, mzigo usichelewe."

Sindano zilizobaki nilikwenda peke yangu, bila kusukumwa na mtu, na njia nzima nilikuwa najipapasa kwapa kuona kama soko bado limechangamka.