Tulivyokata Kitako cha Bunduki ya Baba

Baba yangu alikuwa askari mrefu, na kila kitu chake kilikuwa kirefu: kanzu, kitanda, hadithi na bunduki. Mimi nilifuata kimo cha mama. Nikisimama karibu na baba, kichwa changu kilifika kwenye mfuko wa shati lake.

Mwaka 1979, serikali aliyoitumikia baba ilipoanguka, tulikimbilia ng'ambo ya mpaka, upande wa Zaire, tukiwa na godoro moja na kuku wachache. Tuliporudi kijijini kwetu Lobule, miaka ya themanini, nyasi zilikuwa zimemeza shamba na nyani wamezoea kuishi kama wenyeji. Baba alikuwa ameapa kutoshika silaha tena. Kiapo hicho kilidumu mpaka asubuhi moja nyani walipong'oa karanga zetu huku wakimtazama usoni. Wiki hiyo hiyo alienda polisi kuomba kibali, na bwana mmoja Mzungu wa kampuni ya tumbaku aliyekuwa anarudi kwao akamuuzia bunduki ya marisau. Ilikuwa ya kuvuta: ukishapiga, unaivuta nyuma mbao iliyo chini ya mtutu, ganda linaruka nje, unaisukuma mbele, risasi nyingine inaingia.

Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu, kibali kikaja kwangu, maana ndugu zangu wote walikuwa wamehama. Kwa hiyo mimi, mke wa fundi wa baiskeli wa soko la Koboko, nikawa mlinzi wa mihogo kwa idhini ya serikali.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikwenda kituo cha polisi kufanya upya kibali. Askari wa zamu akaniambia kuna sajini mstaafu huko Arua, muuza spea za magari, ameanzisha mashindano ya wenye bunduki za halali. Wamepewa machimbo ya zamani ya maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, nje ya mji.

"Si kusimama na kulenga tu," alisema. "Unatembea, unapiga magoti, unapiga chuma, unajaza tena, na mutu anakupima na saa. Enda, mama. Wewe unapiga nyani ambao wanakimbia. Chuma haikimbii."

Nilikwenda. Sajini alikuwa mtu mnene, mpole, mkali kwa jambo moja tu: bunduki iwe tupu mpaka zamu yako ifike, na mtutu uelekee ukuta wa machimbo. Malengo yalikuwa visahani vya jembe la trekta vilivyosimamishwa juu ya vigingi. Kimoja kilipakwa rangi nyeupe; hicho tuliambiwa ni jirani yako, ukimpiga unapoteza alama.

Mimi nilimpiga jirani. Kitako cha bunduki kilikuwa kirefu mno, kwa hiyo sikukiweka begani. Kilikaa juu ya mkono, na kila mlio ulinisukuma nyuma kama mbuzi dume. Risasi zangu zilikuwa kwenye kikapu cha sokoni, nami nilizitafuta humo kama mtu anayetafuta funguo. Nikawa wa mwisho. Wanaume walicheka, nami nikacheka pia, maana kwa kweli ilichekesha. Aliyeshinda alikuwa katekista mmoja mwembamba ambaye siku nyingine huwinda kanga.

Sajini alinirudishia kikapu changu. "Mama, wewe si mbaya," alisema. "Lakini bunduki hii iko ya mutu mwingine."

Kesho yake nilikuwa naanika nguo, mume wangu akaona alama nyeusi kwenye mkono wangu.

"Hii nani alikupiga?"

"Baba."

"Baba?"

"Bunduki yake."

Akaketi chini akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniambia niishike bunduki, naye akanizunguka kwa jicho lile lile analotumia kwa wateja wake. "Baiskeli tunapima na mguu," alisema. "Hii tutapima na mkono. Inatakiwa kukatwa."

Neno hilo lilinitia hofu. Karatasi zilikuwa zangu, lakini bunduki ilikuwa ya baba. Jioni mimi na mume wangu tulimkuta anasikiliza redio nje ya nyumba yake, nikamweleza.

"Bunduki iko na urefu wake," alisema. "Mutu ndiye anajifunza."

"Baba, nimejifunza miaka yote hii. Mkono haujaongezeka."

Alizima redio. Akaomba bunduki, akaifungua na kupitisha kidole ndani kuhakikisha ni tupu, halafu akasimama nyuma yangu akaniwekea begani. Vidole vyake vikapima nafasi kati ya shavu langu na mbao, vikashuka kwenye mkono. Vilipogusa pale palipovimba nilivuta pumzi. Aliviondoa haraka.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ndivyo bunduki zilivyo."

Nilimwona anatafuna midomo, kama alivyofanya siku tulipovuka mpaka. Mwishowe akaweka ukucha wa gumba juu ya kitako, akakwaruza mstari. "Hapa," alimwambia mume wangu. "Usipite hapa."

Mume wangu aliazima msumeno kwa seremala. Alikata polepole sana, jasho likimdondoka puani, na bado akakata upande kidogo, ikabidi apige tupa hadi adhuhuri. Kipande kilichobaki kiliingia jikoni na kuivisha maharage. Mwishoni mwa kitako aligundisha raba ya tairi, nikaijaribu, ikawa ngumu kama jiwe. Akaing'oa akaweka soli za ndala, moja juu ya nyingine, zikiwa zimevikwa mpira wa ndani wa baiskeli. Hiyo ililala begani kama mtoto. Shanga ya kulengea kwenye ncha ya mtutu ilikuwa imedondoka zamani, na baba alikuwa akilenga kwa imani. Fundi wa redio aliyekuwa jirani ya mume wangu sokoni akachomelea gololi ya baiskeli mahali pake. Ubavuni mwa kitako wakashona ukanda wa ngozi wenye vitanzi vya risasi, kikapu kikarudi kwenye kazi yake ya nyanya.

Wakati wa kusafisha, mume wangu alifungua bomba la risasi lililo chini ya mtutu, akatoa kijiti kilichochongwa vizuri.

"Hii ni nini?"

Baba alikipapasa. Bwana wa tumbaku alikuwa mwindaji wa ndege. Nadhani kwao sheria ilikataza kujaza risasi nyingi, ndiyo maana akaziba nafasi kwa kijiti. Baba hakuwahi kufungua bomba lile. "Mimi nilijua inakula mbili tu," alisema, na uso wake ukawa wa mtu anayewakumbuka nyani mmoja mmoja.

Hatukutaka matatizo. Tuliipeleka bunduki kwa fundi wa silaha wa polisi huko Arua pamoja na kijiti chake. Akaivuta, akachungulia, akanusa zile ndala, akaandika mabadiliko kwenye kibali. "Hii imetengenezwa na fundi wa baiskeli," alisema. Mume wangu hakujua kama amesifiwa au ametukanwa, lakini aliirudia sentensi hiyo njia nzima hadi Koboko.

Mashindano yaliyofuata baba alikuja nasi, juu ya lori la simsim, yaani ufuta. Tulimketisha kwenye jiwe, mbali na mstari. Zamu yangu ilipofika nilitembea, nikapiga goti, nikavuta, nikasukuma. Visahani vikaanguka vikilia. Jirani mweupe nikamwacha na amani yake. Kisahani cha mwisho kilipigwa, kikayumba, kikabaki kimesimama, na bunduki ikawa tupu. Mkono wangu ulishuka kwenye ukanda bila kuuliza, risasi ikaingia, nikapiga tena. Kikaanguka.

Nilikuwa wa pili. Katekista alichukua jogoo, mimi nikachukua blanketi, naye akaja kuniuliza kwa adabu fundi wangu anakaa wapi.

Nilimpelekea baba blanketi alishike.

"Ile ya mwisho, mara ya kwanza, ulipiga chini," alisema. "Nilisikia."

"Ndiyo, baba."

"Mara ya pili ilikuwa katikati." Akalikunja blanketi, akaliweka magotini, wala hakunirudishia.

Baada ya hapo sokoni walianza kuja watu na vipimo vya mikono. Mwaka uliofuata alikuja mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Sudan, mfanyabiashara wa Oraba, pale mpakani, ambaye sajini alikuwa akimfundisha kwa bunduki ya sajini mwenyewe. Alikuwa mrefu kumzidi hata baba. Aliinama kuingia kibandani kwa mume wangu. Mume wangu alichukua msumeno kwa mazoea, kisha akamtazama kuanzia chini mpaka juu.

"Mama," aliniita, "huyu inabidi tumuongezee mbao."

Mgeni wetu akakaa juu ya tairi, akanyoosha mkono wake tuupime.